Kwa Nini Mama Hazai Peke Yake Kama Mgomba?

Mafundisho kwa wamama, siku ya kupima watoto



Leo sitaanza na uji wala na maji ya kuchemsha. Nitaanza na ulizo. Siku moja, tulipokuwa tukipima watoto, mama mmoja alikaa kwenye benchi la mbele, mtoto wake mgongoni. Nilikuwa nimemaliza kufundisha, nikauliza kama kuna mwenye neno. Akasimama, akasema:

“Mama mwalimu, juu ya nini sisi wanawake hatuzai peke yetu sawa mugomba? Mugomba haina bwana, lakini kila mwaka iko na batoto pembeni. Bwana yangu alienda kwa machimbo, sasa ni mwaka wa pili. Mimi ndiye ninalima, mimi ninalipa masomo, mimi ninalala macho na mutoto wa homa. Huyo baba iko na kazi gani?”

Wamama wote wakacheka. Mimi pia nilicheka. Lakini yeye hakucheka. Usiku nikafikiri ulizo lake, nikaona ni ulizo kubwa. Wataalamu wa viumbe nao wameliuliza kwa miaka mingi. Nataka kulijibu leo, kwa sababu ndani ya jibu kuna jambo linalomgusa kila mtoto aliyeletwa hapa.

WALE WANAOZAA PEKE YAO

Kwanza, yule mama alisema kweli. Mgomba wa shambani hauhitaji baba. Chipukizi linatoka chini, pembeni ya mama yake, na ukilipanda mahali pengine linakuwa mgomba ule ule. Fungua ndizi uangalie: haina mbegu ya kupanda. Ndizi za porini zina mbegu ngumu, meno yanaweza kuvunjika juu yake. Lakini hizi zetu watu walizichagua zamani kwa sababu hazina mbegu.

Muhogo pia tunaupanda hivyo. Unakata mti wake vipande, unachomeka udongoni, na kila kipande kinakuwa muhogo sawa kabisa na ule wa kwanza. Kiazi kitamu ni hivyo hivyo, unapanda kamba zake.

Hata kati ya wadudu wapo. Munajua wale wadudu wadogo weusi wanaojaa kwenye mashina ya maharagwe na kunyonya maji yake? Wakati wa joto, jike anazaa majike wengine bila dume, na wale majike nao wanazaa bila dume. Ndiyo maana leo unaona watatu, na juma lijalo shina lote ni jeusi.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Tuseme kuna kuku wa aina mbili. Kuku wa kwanza anahitaji jogoo. Anatotoa vifaranga 10, na nusu yao, yaani 5, ni majogoo ambao hawatatotoa kitu. Majike 5 wanatotoa kila mmoja 10, wanakuwa 50. Kati ya hao majike ni 25, nao wanatotoa 250. Kuku wa pili tuseme anazaa peke yake, majike tu. Anatotoa 10, wale wanatotoa 100, na wale 100 wanatotoa 1,000. Munaona? Kwa vizazi vitatu tu, mmoja ana vitukuu 250 na mwenzake ana 1,000.

Basi jogoo ni gharama kubwa. Katika miaka ya 1970 mtaalamu mmoja wa Uingereza, John Maynard Smith, aliieleza gharama hii kwa hesabu, na wenzake wakaona ni fumbo kweli. Kama kuzaa peke yako kunaleta watoto wengi hivi, ingefaa dunia ijae majike tu. Lakini sivyo ilivyo. Wanyama karibu wote, na mimea mingi sana, wanazaa kwa njia ya wawili. Angalieni boga: ua la kiume ni hili, ua la kike ni lile lenye kiboga kidogo nyuma yake, na nyuki akikosa kuwapitia wote wawili, kiboga kinaanguka. Angalieni mahindi: ule mkia wa juu ndio baba, na kila uzi wa gunzi unapokea vumbi lake kwa ajili ya punje moja tu. Ndiyo sababu gunzi moja linaweza kuwa na punje nyeupe, njano na nyekundu. Ni watoto wa mama mmoja, lakini kila mmoja amepokea fungu lake mwenyewe.

Tena njia hii ya wawili ni ya zamani sana. Mawe yenye alama za viumbe vya kale yanaonyesha kwamba ilikuwako miaka zaidi ya milioni elfu moja iliyopita. Kitu chenye gharama kubwa namna hii, kikidumu muda mrefu namna hii, ni lazima kiwe na faida kubwa. Faida gani?

NENDENI MASHAMBANI MUTAZAME

Jibu la kwanza liko katika mashamba yenu.

Wengi wenu munakumbuka ugonjwa wa mozaiki wa mihogo. Majani yanajikunja, yanakuwa na madoa ya njano, na chini mizizi inakuwa myembamba kama vidole. Ulikuwako tangu zamani, lakini mwishoni mwa miaka ya 1980 aina kali ilianza Uganda, ikasambaa hata ikafika kwetu. Unabebwa na nzi wadogo weupe, na pia na sisi wenyewe tunapopeana miti ya kupanda. Ulipoingia katika shamba haukubakiza kitu. Kwa nini? Kwa sababu mihogo ya shamba lile yote ilikuwa mmea mmoja uliokatwa vipande. Ukiweza kuushika mmoja, umeshika wote.

Halafu ukaja ugonjwa wa kunyauka kwa migomba. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na mwaka ule ule ukaonekana Masisi, katika Kivu ya Kaskazini. Majani yanageuka njano, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukikata shina unaona kama usaha wa njano unatoka. Ulihama kutoka mgomba hadi mgomba kwa wadudu na kwa panga zetu. Familia zilizokula, zilizouza na kusomesha watoto kwa migomba zikabaki mikono mitupu.

Hata Ulaya waliyaona hayo. Watu wa Ayalandi walikuwa wakila viazi kila siku, na sehemu kubwa ya viazi vyao ilikuwa ya aina moja, iliyopandwa kwa kukata viazi vile vile mwaka kwa mwaka. Mwaka 1845 ugonjwa ukaingia, viazi vikaoza shambani. Katika miaka iliyofuata watu kama milioni moja walikufa kwa njaa na magonjwa, na wengine zaidi ya milioni moja wakaihama nchi yao.

Nisikilizeni sasa, hapa ndipo penye fundisho. Mikrobe ni kama mwizi mwenye ufunguo. Kama nyumba zote za mtaa zina kufuli moja, mwizi akipata ufunguo mmoja ataingia zote kwa usiku mmoja. Lakini kama kila nyumba ina kufuli yake, ataingia hii, na kwa ile ataanza upya kutafuta. Tena mikrobe wanazaana upesi sana. Bakteria wengine wanajigawa kila dakika 20 hivi. Mama anayezaa akiwa na miaka 20, mikrobe wamepata vizazi maelfu na maelfu vya kujifunza kufungua kufuli yake. Kama angempa binti yake kufuli ile ile, mwizi angeingia kwa binti bila kubisha.

Kuzaa kwa wawili kunabadilisha kufuli. Sehemu inatoka kwa baba, sehemu kwa mama, na inayopatikana ni mpya. Na kwa mtoto anayefuata inabadilishwa tena.

Je, mihogo iliponaje? Katika miaka ya 1930, huko Amani, Tanganyika, wataalamu walichukua vumbi la ua la miti ya jamaa ya muhogo, kama ule mti wa mpira wa Ceara, wakalichanganya na maua ya muhogo wa kula. Wakapanda mbegu zilizotoka, wakachagua miche ambayo mozaiki haikuiweza. Kazi ile iliendelea kwa miaka mingi, na uzao wa Amani ukapelekwa Nigeria, Ibadan, ambako walizalisha mihogo yenye nguvu inayopandwa leo katika nchi nyingi za Afrika. Munaelewa? Kwa kukata vipande peke yake wasingeipata. Ililazimu kurudi kwenye ua, kwa baba na mama.

KONOKONO NA MINYOO

Labda mutasema, hayo ni mambo ya shamba tu. Basi sikieni wataalamu walivyopima.

Katika maziwa ya Nyuzilandi kuna konokono mdogo wa ajabu. Wako wa aina moja, lakini majike wengine wanazaa peke yao, na wengine wanazaa kwa njia ya dume. Katika maji yale kuna minyoo inayoingia ndani ya konokono na kumfanya asizae tena. Ni minyoo ya jamaa moja na ile ya kichocho. Mtaalamu Curtis Lively alihesabu konokono, na mwaka 1987 akaeleza alichokiona: mahali penye minyoo mingi, madume pia ni wengi. Mahali penye minyoo michache, majike wanazaa peke yao. Baadaye yeye na wenzake wakafuata ziwa moja kwa miaka. Jamii ya majike waliokuwa wengi mwanzoni, wote sawasawa, ndiyo iliyokuja kushikwa na minyoo hata ikapungua. Wale wenye baba na mama wakaendelea.

Mwaka 2011, katika Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walichukua minyoo midogo ya udongoni, urefu wake kama milimita moja tu. Minyoo hii inaweza kujizalisha yenyewe au kuzaa na mwenzake. Wakatenga kundi lililojizalisha tu, na kundi lililozaa kwa wawili tu. Wakawaweka pamoja na bakteria wanaoua, nao bakteria wakaachwa wabadilike kizazi kwa kizazi. Kundi lililojizalisha likaisha lote kabla ya vizazi 20. Lile lililozaa kwa wawili likabaki.

Kuna na sababu nyingine. Pale masomoni kwetu wanafunzi wananakili masomo katika daftari. Mmoja ananakili ya mwenzake, wa tatu ananakili ya yule wa pili. Kila anayenakili anakosea neno moja au mawili, na makosa hayapungui, yanaongezeka tu. Mwaka mmoja nilikuta dozi imeandikwa mara kumi ya inavyotakiwa! Mwili nao unanakili maagizo yake kwa kila mtoto, na makosa yanaingia. Anayezaa peke yake anampa mtoto makosa yote ya zamani pamoja na mapya. Lakini madaftari mawili yakichanganywa, kurasa hizi kutoka hapa na zile kutoka pale, mtoto mmoja ataangukia makosa mengi na mwingine ataangukia machache. Yule wa machache ndiye atakayeendeleza ukoo wenye afya.

Wataalamu wangali wanabishana ni sababu ipi iliyo kubwa zaidi, ya kufuli au ya daftari. Inawezekana zote mbili zinafanya kazi pamoja. Lakini wote wanaona kwamba kuchanganya ndiko kunakoleta faida.

NDANI YA TUMBO LAKO

Sasa turudi kwetu sisi watu.

Katika karibu kila chembe ya mwili wako kuna vifungu 46 vya maagizo, vinavyoitwa kromosomu. Viko viwili viwili, 23 kutoka kwa mama yako na 23 kutoka kwa baba yako. Yai lako linapotengenezwa linabeba 23 tu, kimoja kutoka kila jozi, na hakuna anayechagua kipi. Tena kabla ya kutengana, vifungu vya jozi moja vinabadilishana vipande. Hata kama tusipohesabu vile vipande, mama mmoja anaweza kutengeneza mayai ya aina zaidi ya milioni 8. Baba naye mbegu za aina zaidi ya milioni 8. Zidisha! Ndiyo sababu hata ukizaa watoto kumi hawatakuwa sawasawa, isipokuwa wale mapacha waliotoka katika yai moja.

Na je, mwanamke hawezi kweli kuzaa peke yake? Hawezi. Kwa wanyama wanaonyonyesha haijaonekana ikitokea yenyewe. Mwaka 1984 wataalamu waliochunguza panya waligundua kwamba maagizo mengine yanafanya kazi kama yametoka kwa baba tu, na mengine kama yametoka kwa mama tu. Walipotengeneza mimba ya panya yenye maagizo ya upande wa mama peke yake, kondo la nyuma halikukua vizuri na mimba ikafa. Basi hata lile kondo linalomlisha mtoto tumboni linahitaji maagizo ya baba.

Kwa hiyo kuna maneno mawili ninayotaka mupeleke nyumbani, muwaambie na mabwana na wakwe.

La kwanza: mtoto asiyefanana na baba yake si ushuhuda wa kumshitaki mama. Ninawaona wamama wanaokuja hapa wamefunika uso wa mtoto, kwa sababu nyumbani wanasema, “Huyu si wa kwetu, pua hii ni ya nani?” Labda pua ile ni ya nyanya ya baba, aliyekufa kabla ya wao kuzaliwa. Maagizo yanaweza kujificha kizazi kimoja au viwili, halafu yakatokea. Kutofanana ndiyo kazi yenyewe ya kuzaa kwa wawili.

La pili: mama anayezaa wasichana tu hana kosa. Yai la mama siku zote linabeba alama ya X. Mbegu ya baba ndiyo inabeba X au Y. Ikiwa X, ni msichana. Ikiwa Y, ni mvulana. Naye baba hachagui.

MCHANGANYIKO HAUNA MACHO

Lakini wamama, sitaki mufikiri kwamba mchanganyiko unampa kila mtoto mema tu. Hauna macho.

Munaujua ugonjwa wa damu unaoitwa SS. Mtoto analia mifupa inauma, mikono na miguu inavimba, damu inapungua kila mara. Unatokea mtoto akipokea agizo la S kutoka kwa baba na agizo la S kutoka kwa mama. Mwenye S moja tu tunamwita AS. Yeye kwa kawaida haumwi, tena malaria kali haimshindi kwa urahisi. Hilo lilionyeshwa mwaka 1954 na daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya. Ndiyo maana S haikupotea katika nchi zetu zenye mbu. Ilikuwa kufuli moja juu ya malaria.

Sasa, baba AS na mama AS wakizaa, kwa kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne mtoto kuwa SS, mbili kati ya nne kuwa AS, na moja kati ya nne kuwa AA. Huyu SS ameumia kwa sababu ya kitu kilichomsaidia ndugu yake. Si uchawi, wala si laana ya mama. Wote wawili walitoa. Vijana wanaotaka kuoana wapime damu kwanza, ili wajue. Na aliyekwisha kuzaa mtoto SS asimfiche nyumbani. Amlete mapema, kwa maana leo kuna dawa na matunzo yanayomsaidia kuishi.

SHAMBA NA MTOTO

Nimeliacha jambo la mwisho makusudi.

Yule mama wa benchi la mbele aliniambia neno lingine, pale mizanini. Mtoto wake alikuwa na miezi kumi, na karti yake haikuwa na sindano ya surua. Nikamwuliza sababu. Akajibu: “Mukubwa wake hakupata ile sindano. Surua ilimushika, na akapona. Huyu ni wa tumbo moja, naye atapona.”

Wamama, sasa munaweza kumjibu wenyewe. Huyu si yule. Ni wa tumbo moja, lakini kufuli yake ni nyingine. Surua iliyoshindwa kwa mkubwa inaweza kuingia kwa mdogo bila kubisha. Tulifundishwa hayo kwa uchungu. Tangu mwanzo wa mwaka 2019 hadi mwanzo wa 2020, surua iliua watu zaidi ya 6,000 katika Kongo, na wengi wao walikuwa watoto. Katika nyumba nyingi mmoja alipona na mwingine akazikwa.

Kuchanganya kwa baba na mama kunalinda shamba. Ugonjwa ukija, miche mingine inakufa na mingine inabaki, na mwaka ujao kuna mbegu. Kwa shamba inatosha. Lakini mama hana shamba la watoto. Ana huyu, na huyu, na huyu, na kila mmoja ana jina. Kuhesabu kwamba wengine watabaki si hesabu ya mama.

Kwa sababu hiyo tunawaomba mulete kila mtoto. Sindano inauonyesha mwili wa mtoto alama ya mwizi kabla mwizi hajafika, ili askari wa damu wamjue. Inamsaidia yule aliyezaliwa na kufuli nzuri, na yule aliyezaliwa na kufuli dhaifu, kwa maana kwa kumtazama tu huwezi kujua ni yupi. Chandarua vivyo hivyo. Usimlaze chini yake yule mgonjwa-mgonjwa peke yake, ukamwacha mnene nje kwa kusema ana nguvu.

Na ulizo la kwanza, “Huyo baba iko na kazi gani?” Nilimjibu hivi: Ametoa nusu ya kufuli ya mtoto wako, na bila nusu ile mtoto asingekuwako. Kazi hiyo ilimalizika siku ya mimba. Kwa konokono na kwa samaki wengi, kazi ya baba inaishia hapo. Lakini mtoto wa mtu hatembei siku anayozaliwa kama kifaranga. Anahitaji miaka mingi ya kulishwa, kufundishwa na kubebwa usiku akiwa na homa. Katika kazi hiyo ya pili hakuna daftari la mwili linalomlazimisha baba. Ni yeye mwenyewe anayekubali au anayekataa. Basi wabwana wanaosikia mafundisho haya nao wajue.

Alinyamaza kidogo. Halafu akamfungua mtoto mgongoni, akampatia muuguzi paja lake. Mtoto akalia kwa nguvu, wamama wakacheka tena, na mara hii yeye pia akacheka. Bwana wake hajarudi bado. Lakini karti ya mtoto imeandikwa.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Anayezaa peke yake anazaa wengi na upesi, lakini wote ni sawasawa, na ugonjwa mmoja unaweza kuwamaliza.
2. Kuzaa kwa wawili kunabadilisha kufuli kwa kila mtoto, na kunasaidia makosa ya maagizo yasijazane.
3. Watoto wa tumbo moja hawafanani. Usimshitaki mama kwa sura ya mtoto, wala kwa kuzaa wasichana tu.
4. Ugonjwa wa SS unatoka kwa wazazi wote wawili. Pimeni damu kabla ya ndoa.
5. Kupona kwa mkubwa si dawa ya mdogo. Kila mtoto apate sindano zake zote. Ya surua ya kwanza ni ya miezi 9, na inayofuata ni siku ile muuguzi aliyoandika kwenye karti.
6. Ukipanda mihogo, chagua miti isiyo na madoa. Usipande aina moja tu katika shamba lote. Panga lililokata mgomba mgonjwa lipitishwe kwanza kwenye moto kabla ya kukata mwingine.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA PAMOJA

Katika shamba lako una aina ngapi za mihogo na za ndizi? Mama yako alikuwa na aina ngapi?

Kati ya watoto wako, nani anafanana na nani? Ni ugonjwa gani uliompiga mmoja vikali, na ukampiga mwingine kidogo tu?

Je, karti za watoto wote wa nyumba yako zimejazwa? Ukifika nyumbani leo, zitoe zote uzitazame, moja moja.